Bomba la kukaza minara ya shokapu: Lifahamu kabla ya kulinunua

Na Mwandishi Wetu

FUNGUA boneti ya gari la kijana yeyote anayelipenda gari lake, hususan Subaru au Toyota iliyotoka Japan ikiwa imetumika, na huenda ukakuta bomba linalokatiza juu ya injini kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baadhi ni mekundu, mengine ya buluu au ya rangi ya fedha. Mafundi na wauza vipuri hulifahamu kwa jina lililotoka katika Kiingereza, strati baa. Katika makala haya tutaliita bomba la kukaza.

Bomba hilo huuzwa kwa maneno mengi. Mnunuzi huambiwa kwamba gari halitalala tena kwenye kona, kwamba litang'ang'ania barabara, na kwamba usukani utakuwa mwepesi wa kutii. Baadhi ya maneno hayo ni kweli, mengine ni nusu ya kweli, na mengine ni ya hatari, kwa kuwa humfanya dereva aongeze mwendo akiamini kwamba kipande cha chuma kimempa mshiko ambao kwa hakika hutolewa na matairi peke yake.

Makala haya yanaeleza bomba hilo hufanya kazi gani, ni magari yapi yanayonufaika nalo, mnunuzi aangalie nini dukani, na ni mambo gani yanayopaswa kutangulia kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Kazi yake ni ipi?

Magari mengi madogo yanayotumika nchini yamefungwa mbele mfumo wa shokapu unaojulikana kwa jina la MacPherson. Jina hilo ni la mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, aliyeubuni katika miaka ya 1940 akiwa General Motors, kisha akahamia kampuni ya Ford. Magari ya Ford Consul na Zephyr, yaliyoonyeshwa jijini London mwaka 1950, ni miongoni mwa ya kwanza kuuzwa yakiwa na mfumo huo.

Katika mfumo wa MacPherson, shokapu na springi yake huungana kuwa nguzo moja iliyosimama. Chini, nguzo hiyo hushikana na gurudumu. Juu, hufungwa kwa nati katika sehemu ya bodi inayoinuka kama kisiki ndani ya boneti, kulia na kushoto kwa injini. Sehemu hiyo ndiyo tunayoiita mnara wa shokapu. Kwa kuwa nguzo hiyo ndiyo pia inayolisimamisha gurudumu wima, mnara haubebi uzito wa gari tu, bali hupokea vilevile nguvu za pembeni kila dereva anapokata kona, anapofunga breki au anapoingia shimoni.

Bodi ya gari ni bati lililokunjwa na kuchomelewa. Hata likiwa imara namna gani, hujipinda kwa kiasi kidogo linaposukumwa. Minara miwili ikisogea hata kwa milimita chache, magurudumu nayo hubadili mkao, na dereva huhisi kwamba gari linachelewa kuitikia usukani. Bomba la kukaza huishikanisha minara hiyo kama boriti inavyoshikanisha kuta mbili za nyumba, ili nguvu inayoupiga mnara mmoja igawanywe kwa yote miwili.

Wazo hili si geni. Mwaka 1965, gari la Shelby GT350 lililotokana na Ford Mustang liliuzwa likiwa na bomba lililounganisha minara yake, pamoja na kipande kingine kilichoifunga minara hiyo kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kipande hicho cha pili ndicho kilichofungwa pia kwenye Mustang zilizopelekwa nje ya Marekani. Baadhi ya magari ya kisasa hutoka kiwandani yakiwa nalo. Nissan 350Z, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002, ina kikazio kinene kinachokatiza kwenye buti.

Lisiloweza kufanya

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoka. Bomba la kukaza halizuii gari kulala upande kwenye kona. Kazi hiyo ni ya springi, shokapu na kile chuma kinachopita chini ya gari ambacho mafundi hukiita stabilaiza. Mtu mwenye gari linaloyumba sana kwenye kona za Soni akipanda Lushoto, au katika mteremko wa Kitonga, hataponywa na bomba la juu ya injini.

Aidha, bomba hilo haliongezi mshiko wa matairi. Gari hushikana na lami kwa sehemu nne tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Linaloweza kubadilika ni hisia na usahihi: gari huitikia usukani mapema kidogo, na milio ya bodi katika barabara mbovu huweza kupungua. Kikomo cha kuteleza hubaki karibu pale pale kilipokuwa.

Jambo la tatu halisemwi sana dukani. Bomba lenye ncha mbili hulinda umbali kati ya mnara na mnara tu. Minara yote miwili ikiegemea upande mmoja kwa pamoja, umbali huo haubadiliki, na bomba halina la kufanya. Ndiyo maana watengenezaji wengine huongeza mkono wa tatu unaofungwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, ili kufanya umbo la pembetatu. Pembetatu haiyumbi, fundi seremala yeyote analijua hilo anapopiga kenchi.

Je, gari lako linalihitaji?

Swali la kwanza si rangi wala jina la kampuni, bali ni aina ya shokapu ulizonazo. Subaru Impreza iliyoanza kutengenezwa mwaka 1992, na ile ya kizazi cha pili iliyoendelea hadi mwaka 2007, zina nguzo za aina ya MacPherson mbele na nguzo za shokapu zinazofanana nazo nyuma. Ndivyo ilivyo pia kwa Subaru Forester ya mwaka 1997 hadi 2007. Toyota Corolla za miaka ya 1990 nazo ni za kundi hilo. Toyota Vitz ina mfumo huo mbele tu. Magari haya ndiyo yenye sababu ya kufikiria bomba la kukaza.

Hali ni tofauti kwa magari ambayo kila gurudumu la mbele hushikwa na mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini. Humo, kazi kubwa ya kuzuia nguvu za pembeni hufanywa na mikono hiyo, na ncha ya juu ya shokapu hupokea zaidi nguvu ya kupanda na kushuka. Toyota Altezza ya mwaka 1998 hadi 2005, Toyota Chaser ya mwaka 1996 hadi 2001, na Honda Civic za mwaka 1987 hadi 2000 ni mifano. Mabomba yake yapo na huuzwa, ila kwa kawaida faida yake ni ndogo zaidi, na mwenye gari la namna hiyo angefanya vyema kuanza na mambo mengine.

Umbo la bodi nalo lina uzito wake. Gari lenye mlango mkubwa wa nyuma, kama Forester au Impreza ya station wagon, lina tundu kubwa mahali ambapo gari la saluni lina ukuta wa bati nyuma ya kiti. Katika magari hayo, bomba la nyuma huweza kuhisika kuliko la mbele, ingawa hupunguza nafasi ya mizigo.

Wapenzi wa Subaru katika Afrika Mashariki hupenda kukumbusha kwamba Impreza ilishinda mashindano ya Safari nchini Kenya mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Ni kweli. Hata hivyo, magari yale yalikuwa na bodi zilizoongezewa viungo vya chuma na mtandao wa mabomba ndani kote. Bomba moja juu ya injini haliligeuzi gari la kwenda kazini kuwa gari la mashindano.

Namna ya kuchagua

Unyoofu kwanza. Bomba zuri ni lile linalokwenda moja kwa moja kutoka mnara hadi mnara. Kila linapopindwa ili kuikwepa injini, nguvu inayolisukuma kutoka nchani hugeuka kuwa nguvu ya kulikunja, na chuma hukunjika kwa urahisi kuliko kinavyofupika. Kama kona haziepukiki, basi bomba liwe nene zaidi ili kufidia.

Pili, viungo. Baadhi ya mabomba yamechomelewa moja kwa moja kwenye sahani zake za nchani. Mengine yameungwa kwa bolti moja kila upande, hivyo ncha inaweza kucheza kama bawaba. La kwanza hukaza zaidi, lakini linahitaji kutengenezwa kwa vipimo sahihi vya gari husika. La pili ni rahisi kufunga na kufungua, na likiwa nyoofu bado hufanya kazi yake ya kulinda umbali. Tatizo huja tundu la bolti linapolegea, kwani bomba linalocheza ni pambo tu. Lishike kwa mikono miwili dukani, ulitikise. Likigongagonga, lirudishe.

Kampuni ya STI, tawi la michezo la Subaru, huuza bomba lenye kiungo katikati kinachoruhusu kupanda na kushuka kidogo huku likizuia msukumo wa pembeni. Huo ni ubunifu wa makusudi, usichanganywe na bomba lililolegea kwa ubovu wa kazi.

Tatu, sahani za nchani. Nguvu yote hupitia hapo. Bomba nene lililofungwa kwenye sahani nyembamba kama kifuniko cha sufuria ni sawa na mlango wa mninga kwenye fremu ya boksi. Tazama unene wa sahani, mshono wa kuchomelea, na kama sahani imelala bapa juu ya mnara bila upenyo.

Nne, madini. Hapa kuna udanganyifu mwingi. Chuma cha pua na chuma cha kawaida vina uzito wa takriban gramu 7.8 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Alumini ina gramu 2.7. Alumini kwa hiyo ni nyepesi karibu mara tatu, lakini pia ukakamavu wake ni karibu theluthi moja ya ule wa chuma. Bomba la alumini lenye unene uleule wa bomba la chuma litanyumbuka mara tatu zaidi. Mtengenezaji makini hulifanya la alumini kuwa nene zaidi. Ukiona bomba jembamba la alumini linalong'aa, fahamu kwamba umeonyeshwa mng'ao.

Umbo nalo huokoa uzito. Nondo iliyojaa ya milimita 20 ikilinganishwa na bomba la chuma lenye upana wa milimita 32 na ukuta wa milimita 2, bomba lina uzito pungufu kwa asilimia 40, na bado hustahimili kukunjwa zaidi ya mara mbili na nusu ya nondo. Hesabu hii iwasaidie wanaotengenezewa na mafundi wa kuchomelea mitaani: ombeni bomba pana lenye uwazi, si nondo nzito. Kamwe msiruhusu kitu chochote kuchomelewa kwenye mnara wenyewe, kwa kuwa moto huo hudhoofisha bati na kufungua njia ya kutu.

Tano, nafasi. Injini hutikisika inapovuta, na boneti hukaribia sana inapofungwa. Impreza na Forester zenye turbo zina kipoza hewa juu ya injini, hivyo bomba la gari lisilo na turbo linaweza kugongana nacho. Vilevile, bomba lililobuniwa kwa ajili ya Marekani au Ulaya bara hudhani usukani uko kushoto. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, linaweza kukuta silinda kuu ya breki njiani. Uliza waziwazi kama limetengenezwa kwa gari lenye usukani kulia, la mwaka na toleo lako.

Sita, hali ya hewa. Wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar wanajua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Bomba la chuma liwe limepakwa rangi vizuri hadi ndani ya matundu. Pale alumini inapokutana na bolti za chuma, kutu huanza mapema, hivyo hapo pakaguliwe mara kwa mara.

Kuhusu majina, Cusco ya Japan na Ultra Racing ya Malaysia ni miongoni mwa kampuni zinazofahamika kwa bidhaa hizi, na baadhi ya mabomba ya Cusco huja na kizuizi kinachoegemea silinda kuu ya breki ili isisogee dereva anapokanyaga kwa nguvu. Lakini stika ni rahisi kubandika. Heri bomba lisilo na jina lililo nyoofu, lenye sahani nene na mshono safi, kuliko jina kubwa juu ya kazi mbovu.

Lililotumika au jipya?

Bomba lililotumika, tofauti na shokapu iliyotumika, halina mafuta wala mpira wa kuchoka. Likiwa halijapinda, halina ufa kwenye mishono na matundu yake hayajapanuka, linafaa. Liweke juu ya kioo au sakafu iliyo sawa na utazame kama sahani zote mbili zinakaa bapa. Kama limetoka kwenye gari lililogongwa, liache.

Kulifunga

Kazi yenyewe huchukua muda mfupi, ila ina mitego. Gari lisimame kwa magurudumu yake yote manne juu ya ardhi iliyo sawa, si juu ya jeki, ili minara iwe katika umbali wake wa kawaida. Fundi afungue nati zinazozunguka kichwa cha shokapu peke yake. Nati kubwa ya katikati isiguswe kwa hali yoyote: ndiyo inayoshikilia springi iliyobanwa, na ikifyatuka inaweza kuua.

Sahani huongeza unene, hivyo baada ya kufunga, nati ziwe zimeingia kikamilifu na uzi wa bolti uonekane umejitokeza juu yake. Zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango kilichotajwa na mtengenezaji wa gari. Baada ya kilomita mia kadhaa, zikaguliwe tena.

Bomba linapaswa kushuka mahali pake bila kulazimishwa. Kama matundu hayalingani na fundi anatafuta nyundo, msimamishe. Ama umeuziwa bomba la gari jingine, ama mnara mmoja umepinda kutokana na ajali ambayo hukuambiwa uliponunua gari. Jambo hilo la pili si la kupuuzwa. Lipeleke gari lipimwe bodi. Kwa mabomba yenye uzi wa kurefusha na kufupisha, urefu urekebishwe hadi likae bila kubana, kisha lifungwe. Kuisukuma minara kwa nguvu ni kuipa bodi mzigo isiokusudiwa kuubeba.

Mwenye gari afahamu pia kwamba minara ikishaunganishwa, pigo kubwa la upande mmoja, iwe ni ajali au shimo refu, linaweza kufika upande wa pili. Ni busara kuiarifu kampuni ya bima kuhusu badiliko lolote lililofanywa kwenye gari.

Yanayotangulia

Kabla ya haya yote, msomaji alikague gari lake kwa utaratibu ufuatao. Matairi: kina cha kashata kisipungue milimita 1.6, kiwango cha chini kinachotumika katika nchi nyingi za Ulaya, na ni vyema kiwe zaidi wakati wa masika. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo ulingane na kibao kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Kisha shokapu: zikivuja mafuta, au gari likiendelea kudunda baada ya tuta, zimekwisha. Baada ya hapo bushi na boljointi, ambazo barabara zetu huzimaliza haraka, na mwisho kupima mkao wa magurudumu. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya bomba zikitumiwa hapa, dereva wa gari lililochoka ataona tofauti kubwa kuliko ambayo bomba lolote lingempa.

Gari likiwa zima katika hayo yote, basi bomba la kukaza lina nafasi yake. Ili kulipima kwa haki, pita katika kona uliyoizoea, kwa mwendo ulioruhusiwa na upepo uleule wa matairi, kwanza bila bomba, kisha ukiwa nalo. Kama huhisi tofauti, umejifunza kitu kuhusu gari lako. Kama unaihisi, usiichukue kuwa ruhusa ya kuongeza mwendo.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kukaza sehemu ya juu huku matairi yakiwa vipara hakuiondoi sehemu bovu, kunaificha tu, mpaka siku ya mvua.